Jino Lililotaka Kuning'oa

Naandika haya huku natafuna karanga, tena kwa upande wa kulia, upande ambao kwa muda mrefu ulikuwa haupokei hata uji. Nimelitanguliza hilo kwa ajili yako wewe uliyeshika shavu sasa hivi na kujiuliza kama utapona. Utapona. Lakini usikae tu. Ukifika mahali ukaona ninachoeleza ndicho kinachokupata, acha kusoma, tafuta usafiri. Mengine utayamalizia ukirudi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Murungu, wilaya ya Kibondo. Kwetu ni Muheza, na watu wa hapa walishanizoea kwa mdomo. Darasani naongea, sokoni naongea, na kwenye kikao cha walimu mwalimu mkuu hunipa nafasi ya mwisho kabisa, anasema akianza na mimi wengine watalala na hoja zao. Mume wangu Elias ni Mha wa Rungwe Mpya, Kasulu, anauza mbegu na mbolea. Yeye maneno yake ni machache, na mimi ninayo ya kututosha wote wawili. Ndiyo maana Mungu aliponifunga mdomo nyumba nzima ilikosa pa kushika.

Gego la chini, mkono wa kulia, lilikuwa na tundu siku nyingi. Likaanza kunichokonoa mvua za kwanza zilipoanguka, watu wako shambani wanapanda mahindi. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili, tumbo limeanza kuonekana. Kila niliyemwambia alinijibu neno moja: mjamzito hang'olewi jino. Walimu wenzangu walisema hivyo. Jirani alisema hivyo. Mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka Muheza kunikataza, akaniambia ukiling'oa, damu itashuka na mtoto. Mimi mwenyewe niliamini. Nilikuwa nimemngoja mtoto huyu tangu Tumaini, wa kwanza wangu, aache kunyonya, na Tumaini sasa yuko darasa la awali. Kwa hiyo nilijikaza kisabuni. Nikabana karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, nikanunua vidonge duka la dawa, nikameza mpaka maumivu yakatulia, vilivyobaki nikaviweka kabatini nikasema vitanifaa siku nyingine.

Jino likatulia kweli. Nikasema limekufa, afadhali. Na lilikuwa limekufa, ila sikujua kwamba jino likishakufa ndipo linapoanza fujo zake za chinichini.

Shule zilipofungwa Desemba tukaenda Rungwe Mpya kwa mama mkwe. Huyu mama niwaambie ukweli: tulikuwa tunapendana bila kuelewana. Yeye Kiswahili anakijua cha sokoni na cha kanisani, basi. Mimi Kiha changu kinaishia kwenye salamu. Nilijua "Mwakeye" ya asubuhi, nikijibiwa naitikia, tunacheka, halafu kila mtu anashika kazi yake. Ananiita Mswahili. "Mswahili wangu ameamka?" Namjibu ameamka mama, na tunakwenda hivyo hivyo mpaka jioni, yeye akisema na mimi kwa mikono, mimi nikisema na yeye kwa Kiswahili kirefu ambacho najua hakipati nusu.

Sikukuu imekaribia, niko jikoni nachambua maharage, nikasikia taya limekuwa zito. Sikuumwa sana, na hilo ndilo lililonidanganya. Kesho yake shavu limejaa. Keshokutwa uvimbe umeshuka chini ya taya, mgumu, ngozi inang'aa. Nikajifunga khanga kichwani kupita kidevuni. Shemeji yangu akaleta taulo la maji ya moto, akanikanda na kunikanda, na kila akinikanda uso unazidi kutanuka. Elias akasema twende hospitali. Wakamjibu jino likivimba haling'olewi mpaka uvimbe uishe, na huyu ana mimba juu, utampeleka akafanywe nini? Mama yangu naye kwenye simu anamsihi asije akathubutu. Maskini Elias, katikati ya mama wawili, akatoka nje akaenda kusimama kwenye migomba.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mama mkwe alikuwa akija kitandani kwangu asubuhi, ananiwekea mkono kwenye paji la uso, ananiangalia machoni, ananiuliza, "Uramira?"

Nikasema moyoni, hii ni salamu nyingine, ya mgonjwa. Kama sisi tunavyosema umeamkaje. Nikamjibu, "Salama, mama." Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Mchana akarudi: "Uramira?" Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu sauti ilishaanza kuwa nzito, maneno yananitoka kama nimejaza kiazi cha moto mdomoni. Jioni tena. Nikafurahi hata, nikasema huyu mama ananijali, ananisalimia kila saa. Mgeni akija kunijulia hali nikimsikia anatamka neno hilo na mimi naitikia kwa kichwa, kwa adabu zote za kwetu.

Asubuhi iliyofuata aliniletea uji wa mtama, mwepesi. Nikafungua mdomo, ukafunguka wa kupitisha ncha ya kijiko tu. Ulimi ulikuwa umenyanyuka, umegusa juu, kama si wangu. Uji ukaingia, ukakaa, halafu ukatoka wote ukamwagika kwenye khanga. Nikataka kucheka kumwondoa wasiwasi. Mama mkwe hakucheka. Aliangalia mto niliolalia, ukiwa umelowa mate, akaweka bakuli chini na kuita, "Elias." Kisha akasema Kiha kirefu ambacho sikupata kitu ndani yake isipokuwa lile neno.

Elias akaja mbio. "Mama anauliza, unameza? Mate yako mwenyewe, unayameza?"

Nikatikisa kichwa. Hapana. Tangu jana.

"Mbona anasema alikuuliza, ukamwambia unameza?"

Jamani. Mwanamke wa watu alikuwa ananiuliza kama koo linapitisha, na mimi namwambia salama, salama, kama tuko njiani tunapishana. Nilitamani nimweleze lakini sauti haikuwepo. Nilimshika mkono tu. Na yeye, ambaye siku zile zote alikuwa upande wa wanaosema mjamzito hang'olewi, aligeuka pale pale. Elias akanitafsiria akiwa anavaa viatu: mdogo wake mama alikufa akiwa msichana kwa jino, na siku ya mwisho alikuwa hawezi kumeza mate. Mama alisema mambo ya mimba atayajibu yeye, sisi tuondoke.

Jirani mwenye pikapu alikuwa anapeleka ndizi Kasulu mjini. Wakaniweka mbele, mama mkwe kando yangu, Elias nyuma juu ya mikungu. Nikiegemea kiti nyuma nakosa hewa, kwa hiyo nilikwenda nimeinama mbele, mikono magotini, mate yanachuruzika kwenye kitambaa alichonishikia mama. Mimi mwalimu, tena mwanakwaya wa kanisani, natoa udenda kama mtoto anayeota meno. Aibu ile iliniuma kuliko taya. Ukifika hapo usione aibu, ndugu yangu, teremka gari hivyo hivyo ulivyo.

Hospitali ilikuwa imefurika. Watu mabenchini, wengine ukutani, watoto wanalia. Elias akaenda dirishani, mimi na mama tukakaa mwisho kabisa wa foleni. Nikaanza kuhesabu vichwa vilivyo mbele yangu, nikaacha, nikaona hesabu ile inanipandisha presha. Aliyekaa jirani yetu alikuwa mama wa Kikongo aliyeletwa kwa rufaa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mguu umefungwa bandeji, anasubiri tangu alfajiri. Alinitazama mara moja tu, akaniambia, "Maman, kamata fasi yangu. Miye nitangoja." Kisha akainuka kwa mguu wake ule mbovu, akapaza sauti kwa wote waliokuwa mbele: "Muache huyu maman apite. Anakosa pumuzi, na iko na mimba." Na watu wakasogea. Benchi moja baada ya jingine, wakakunja magoti tukapita. Sikuwahi kumuuliza jina. Huwa namwombea kama "mama wa fasi", yaani wa nafasi, naamini Mungu anamjua.

Nesi aliyekuwa mlangoni aliniambia nifungue mdomo, akaona ninavyoshindwa, hakuuliza la pili. Alinishika kiwiko tukaenda moja kwa moja kwa daktari wa meno, kijana mrefu, kwa lafudhi nilimjua ni wa Kilimanjaro. Akanibonyeza chini ya kidevu, huku na huku. Akaniambia nisukume ulimi nje. Haukutoka. Akaniambia nitaje jina langu, ikatoka sauti ya bata.

"Tangu lini hamezi?"

"Tangu jana," Elias akasema. "Daktari, tuliambiwa mjamzito hang'olewi jino. Na jino likivimba tusiliguse."

"Nani aliwaambia?"

Elias angemtaja nani na kumwacha nani? Nilitaka kumwonyesha kwa kidole kuanzia Murungu mpaka Muheza.

"Mtoto atakuwaje?" Elias akauliza, na sauti yake ikakatika. Sijawahi kumsikia hivyo, wala siku ya harusi, wala siku ya msiba wa baba yake.

Daktari alivuta kiti akakaa ili macho yao yawe sawa. "Huyo mtoto anapumulia kwa mama yake, hana pua nyingine. Huu uvimbe unakwenda kooni. Ukifunga koo la mama, umefunga na la mtoto. Tukilitoa jino na usaha, tunawatibu wote wawili. Nimekuelewesha?"

Mama mkwe hakungoja tafsiri. Nadhani aliyapata kwenye uso wa yule kijana. Akasema kwa Kiswahili, "Toa. Toa saa hii."

Wakanitundikia dripu, wakanichoma sindano za dawa. Nesi akanilaza kwa ubavu wa kushoto huku nimeinuliwa nusu kukaa, na mto mgongoni ili tumbo lisinielemee. Akaweka kile kipimo cha mbao tumboni, akaweka sikio, akatabasamu. "Anadunda vizuri huyu. Ana hasira kidogo kama baba mwenye nyumba." Nilikuwa sicheki kwa mdomo, nikacheka kwa machozi. Daktari akapiga ganzi, akapasua chini ya kidevu changu. Sikusikia kisu, nilisikia joto linashuka shingoni na harufu ambayo siwezi kuieleza kwa mtu anayekula. Akapachika mpira mdogo wa kupitishia usaha. Halafu mdomo ukalegea kidogo, kidogo tu, na akapata nafasi ya lile gego. Lilipotoka mtoto alinipiga teke mbavuni. Nesi aliona tumbo linavyocheza, akasema, "Haya, amesema ahsante."

Mate yakapita kooni. Nilimeza mara ya kwanza na nikaona kama nimeshushiwa mzigo wa kuni. Wewe unayemeza mate yako bila kuyafikiria, hujui umepewa nini.

Wodini nilikaa mpaka sikukuu zikapita. Nasikia kengele za kanisa dirishani, nimelala na bandeji inayonukia dawa, uso wangu umesinyaa upande mmoja na upande mwingine bado haujajua kwamba vita vimekwisha. Kioo cha chooni nilikikwepa. Kila asubuhi walinisafisha kile kidonda, nami nilishika chuma cha kitanda nikiwaza habari za nyumbani. Mama yangu alikuwa anapiga simu na mimi siwezi kujibu, taya limekaza. Elias akaniwekea simu sikioni. Nikasikia mama anapumua, hajui aanze wapi. Alikuwa ameshaambiwa. Mwisho akasema, "Mwanangu, kama wanisikia gonga simu kwa kucha." Nikagonga. Akalia. Akasema, "Nilikukataza, Mungu wangu, ni mimi nilikukataza." Nikagonga tena na tena, na sijui alielewa nini, lakini nilikuwa namwambia yamekwisha mama, tulikuwa wengi tusiojua.

Mama mkwe ndiye aliyelala na mimi, chini, kwenye mkeka. Na kwa vile mimi sikuwa na sauti na yeye hakuwa na Kiswahili, kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa. Alinifundisha Kiha kwa kidole: maji, jicho, mkono. Lile neno lake sikusahau tena. Kila akileta uji ananiuliza, na mimi kabla ya kujibu nameza kwanza, anaona koo linavyokwenda, ndipo naitikia. Manesi walikuwa wanatucheka.

Mpira walipoutoa, daktari alinipa vijiti vya mbao vya kujizoeza kufungua taya. Unapachika vichache kati ya meno, unavumilia, kesho unaongeza kimoja. Unapima kwa vidole vyako. Nilirudi Murungu mdomo unapokea kidole kimoja. Shule zilipofunguliwa nilikuwa na viwili, nikafundisha kwa sauti ya chini, na darasa langu lilikaa kimya kuliko siku zote, mpaka mwalimu mkuu akapita dirishani kutazama kama kuna mtu. Maharage yalipovunwa nikafikisha vitatu. Siku hiyo Elias alileta samaki, mgebuka wa kukaanga, na ugali wa muhogo, akanichambulia miba, akakaa kuniangalia natafuna. Baadaye akasema, "Nilikuwa nasikia nyumba kubwa sana ulipokuwa huongei." Kwa Elias hiyo ni hotuba.

Mvua zilikuwa bado zinapiga nilipojifungua, mtoto wa kiume, mzima, mdomo mkubwa kama wa mama yake. Tulimwita Shukuru, na hatukuhangaika kutafuta jina jingine.

Nimepewa mengi, nami sina cha kulipa ila haya ninayoandika. Jino likiuma, nenda wakati bado linauma tu, ukiwa na mimba au huna. Dawa ukipewa, malizia, usiweke akiba kabatini. Shavu likivimba usilikande kwa maji ya moto wala usingoje lipungue. Na ikiwa uvimbe umeshuka chini ya taya au umepanda kwenye jicho, mdomo haufunguki, sauti imebadilika, homa imepanda, ukilala chali unakosa hewa, mate hayapiti, basi usingoje kesho wala sikukuu ipite. Nenda, na mtu wako apaze sauti kwenye foleni kwa niaba yako.

Kiangazi kilipoingia, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani, nilimpeleka Shukuru Kibondo mjini kwa chanjo ya tatu. Nilikuwa na kovu langu chini ya kidevu na sikulifunika, nimezoea watu kulitazama. Kwenye benchi la akina mama wajawazito alikaa binti mmoja, tumbo kubwa, khanga imezunguka kichwa na kupita kidevuni, kichwa ameegemeza ukutani. Niliujua ugonjwa wake kabla sijakaa.

"Jino, mdogo wangu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Wamekwambia nini nyumbani?"

"Nisubiri nijifungue," akasema, midomo haifunguki vizuri. "Naogopa, dada. Huyu ni wa tatu. Wawili walitoka. Sitaki kumpoteza na huyu kwa sababu ya jino."

Nikafungua mbeleko, nikamtoa Shukuru mgongoni, nikamweka mikononi mwake, juu ya lile tumbo.

"Mshike," nikamwambia. "Huyu alikuwa tumboni mwangu siku jino langu linang'olewa."

Akamshika. Akamgeuza huku na huku, akamwangalia macho, akamkunjua vidole vya mikono na vya miguu, taratibu, kama anayekagua nguo kabla ya kuilipia. Shukuru naye akamvuta khanga. Kisha yule binti akasimama, mwanangu bado mikononi mwake, akaniuliza mlango wa meno ni upi.